Kompyuta ya gemu isiyopiga kelele: tazama wati kabla ya bei

Fundi mitambo wetu alisikiliza sekunde kumi za kwanza, akavua spika za masikioni, akatuuliza: "Ndugu zangu, hii mmerekodia chumbani au kwenye mashine ya kusaga?" Tulirekodia chumbani, hapa Chang'ombe ya Dodoma (si ile ya Temeke), saa nne usiku, mlango na dirisha vimefungwa. Mashine ya kusaga aliyoisikia ni kompyuta tuliyoinunua kwa kazi mbili: kuhariri vipindi, na kucheza mpira wa kwenye skrini kazi ikiisha.

Tangu tulipokisimulia kisa hicho hewani, ujumbe wa wasikilizaji umekuwa ukirudi kwenye swali lile lile. Wanafunzi wanaopanga chumba kimoja wanauliza. Mzazi mmoja alituandikia kwamba anaona heri mwanawe achezee nyumbani kuliko kukaa kwenye kibanda cha gemu hadi usiku, ila chumba ni hicho hicho wanacholala wadogo zake. Nyumba nyingi za kupanga mitaani kwetu kuta zake hazifiki juu kabisa, au dari ni moja kwa vyumba vyote, kwa hiyo feni ya kwako inasikika hadi kwa jirani. Fedha nayo si ya kuchezea. Kosa la kununua kifaa kisichofaa linaweza kumla mtu akiba ya mwaka mzima, na sisi tumelifanya.

Jambo moja la maneno kwanza. Mitaani lile boksi zima tunaliita "CPU". Kwenye makala haya tutaliita kasha, na prosesa ni kile kidude kidogo kilichomo ndani kinachofanya hesabu. Ukienda dukani ukachanganya mawili hayo, unaweza kuuziwa kimoja kwa bei ya kingine.

Kelele inatoka wapi

Kompyuta yenyewe haina sauti. Umeme ukipita kwenye prosesa na kwenye kadi ya picha haulii. Kinacholia ni feni zinazoondoa joto, na diski ya kizamani inayozunguka. Karibu kila wati ya umeme inayoingia kwenye kasha hutoka ikiwa joto. Kadi inayokula wati 185 inakipasha chumba joto kama balbu mbili za zamani za wati 100 zilizofungiwa kwenye sanduku la bati. Joto hilo lazima litolewe nje, na feni hulitoa kwa kuzunguka haraka.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, sauti yake hushuka kwa kadiri ya desibeli 15, na sikio la binadamu huona desibeli 10 pungufu kama nusu ya kelele. Kwa hiyo vifaa vinavyokula umeme kidogo vinakupa ukimya mkubwa kuliko feni ya gharama iliyofungwa juu ya kifaa chenye moto. Tunaomba ushike hilo kabla ya jina lolote la kampuni: muulize muuzaji wati, kisha uulize bei.

Dodoma ina mambo yake. Tuko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Feni ile ile, kwa mwendo ule ule, hubeba joto pungufu kidogo. Ongeza mchana wa Oktoba na Novemba, joto likipita nyuzi 30 na upepo ukipeperusha vumbi jekundu, utaelewa kwa nini kompyuta iliyojaribiwa kwenye duka lenye kiyoyozi Kariakoo inafika hapa ikaanza kuvuma.

Kadi ya picha: hapa ndipo fedha hupotea

Sehemu hii tutakaa nayo, maana ndiyo inayoamua kila kitu kingine.

Kadi inayotembezwa sana kwa bei rahisi ni RX 580, iliyotoka mwaka 2017. Nyingi ya zilizoko sokoni zimechoka. Zilitumika usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali, kisha Ethereum ilipoacha mfumo huo wa uchimbaji Septemba 2022 zikamwagwa kwenye masoko ya mitumba. Uwezo wake kwenye gemu bado si mbaya. Shida ni wati: 185 kwa muundo wake wa asili. Inahitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, inahitaji pawa saplai nzuri, inahitaji kasha lenye hewa, na hata ukivipata vyote hivyo bado italia. Rahisi wa dukani unageuka ghali wa nyumbani.

Upande wa pili kuna kadi zinazokula umeme wote kutoka kwenye tundu zilimochomekwa. Tundu hilo kwenye bodi kuu linaruhusiwa kutoa wati 75 tu, kwa hiyo kadi isiyo na waya wa ziada haiwezi kuzidi hapo. Ni kipimo rahisi, hata asiyejua kompyuta anaweza kukitumia: itazame kadi kwa juu na pembeni, kama haina mahali pa kuchomeka waya wa umeme, basi ni ya wati 75 au chini. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 imo humo. GTX 1650 ya mwaka 2019 imo, ingawa kampuni nyingine zimeitoa ikiwa na waya, kwa hiyo tazama kwa macho yako. RX 6400 inakula wati 53 tu. RTX 3050 yenye memori ya GB 6, iliyotoka mapema mwaka 2024, inakula wati 70, nayo kwa maoni yetu ndiyo kadi inayomfaa zaidi mtu wa chumba kimoja mwenye uwezo wa kuinunua.

Angalia mtego wa majina. Kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8, ya mwaka 2022, inayokula wati 130 na kutaka waya. Jina moja, watoto wawili tofauti kabisa. Ya GB 8 ina nguvu zaidi, hatukatai, lakini siyo tunayoizungumzia. RX 6400 nayo ina kasoro yake: inatumia njia nne tu za mawasiliano na bodi kuu, na ukiifunga kwenye kompyuta ya zamani kidogo inapoteza sehemu ya kasi yake. Ndiyo maana kwa kompyuta za ofisi tutakazozitaja mbele, GTX 1650 ya mtumba mara nyingi inaishinda.

Sasa kadi bandia. Ndizo zilizotuumiza. Tulinunua kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti, kwenye boksi safi, na kompyuta yenyewe ilisema hivyo hivyo ilipowashwa. Baada ya dakika kumi za gemu skrini ikawa nyeusi. Fundi alipoifungua akakuta chipu ya kizazi cha zamani kabisa, kadi ya zama za GTS 450, iliyobadilishiwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la mwenziwe. Aliyetuuzia alikuwa ameshahama fremu.

Ishara ziko. Ukiona tundu la buluu la VGA kwenye kadi inayojiita GTX 1050 Ti, shtuka, kwa sababu chipu za kizazi hicho haziwezi zenyewe kutoa picha kwa njia hiyo ya zamani. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ni ya bure, na ikigundua udanganyifu wa aina hii huweka neno la onyo mbele ya jina la kadi. Muuzaji akikataa usiichomeke kadi mbele yake, ondoka.

Watu hutuuliza pia kuhusu bili. Tofauti ya RX 580 na RTX 3050 ya GB 6 ni wati 115. Ukicheza saa 4 kila siku kwa siku 30, hiyo ni uniti karibu 14 kwa mwezi. Kwa mtu anayenunua LUKU kwa kadiri ya shilingi 350 kwa uniti, ni kama shilingi 4,800 kila mwezi, zaidi ya 57,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba mwenye mita moja ya wapangaji wote atalijua hilo kabla yako.

Kompyuta ya ofisi, au kuunganisha mpya

Njia ya bei nafuu tunayoiamini ni kuanza na kompyuta ya ofisi ya mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Zilitengenezwa zikae kwenye vyumba vyenye watu wengi wanaofanya kazi, na kwa asili ni tulivu. Chukua yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane au zaidi. i5-8500, kwa mfano, ina viini 6 na makadirio yake ni wati 65. Kizazi cha nane ndipo Windows 11 inapoanza kukubali rasmi kwa upande wa Intel, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Za kizazi cha sita na cha saba zimejaa madukani kwa bei ya chini kwa sababu hiyo hiyo. Gemu zinacheza, lakini ujue unanunua nini.

Kuna umbo la kuangalia. Zile nyembamba zinazolala mezani zinapokea kadi fupi za nusu kimo tu, na kadi hizo ni adimu na ghali kuliko za kawaida. Tafuta ile iliyosimama, pana. Pawa saplai zake nyingi ni za wati 180 hadi 260, na kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kadi. Hii ndiyo sababu tulisisitiza kadi za wati 75. Usidhani utabadilisha pawa saplai baadaye kirahisi: kwenye mashine nyingi za aina hii soketi zake na umbo lake si vya kawaida, pawa saplai ya dukani haitaingia.

Ukitaka kuunganisha mpya na fedha haitoshi kwa kadi, anza na Ryzen 5 5600G. Prosesa hii ya mwaka 2021 ina viini 6 na picha yake ndani, makadirio wati 65. Bila kadi yoyote inacheza eFootball, Valorant na GTA V ukipunguza ubora wa picha. Kadi utaiongeza mwakani. Kwa mzazi aliyetuandikia, hii ndiyo tungemwelekeza: feni chache, joto dogo, na mtoto hatapungukiwa na mpira.

Memori tutaipita haraka. GB 16 zinatosha. Nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba, na kwa 5600G isiyo na kadi tofauti ni kubwa na inaonekana kwa macho. Bei za memori zilipanda sana duniani kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vilipogeuza nguvu kuhudumia mitambo ya akili mnemba, kwa hiyo ukipata mashine ya mtumba ambayo tayari ina GB 16 ndani, hiyo ni sehemu ya thamani yake.

Diski iwe SSD. Haizunguki, hailii. Kama una diski ya kuzunguka yenye picha na muziki wako, iache humo, lakini usiiweke gemu kwake, na chini ya miguu ya kasha weka vipande vya kandambili kuukuu. Mtetemo unaopita kwenye meza ya mbao huwa mkubwa kuliko sauti ya diski yenyewe.

Pawa saplai

Anayeunganisha mpya asibane fedha hapa. Tulibana. Ya kwetu iliandikwa wati 500, nyepesi kama kopo tupu. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, tukasikia mlio na harufu ya plastiki iliyoungua. Iliondoka na bodi kuu.

Usisome namba kubwa ya mbele. Geuza, soma jedwali la pembeni, tafuta mstari wa volti 12, kisha zidisha 12 kwa ampea zake. Pawa saplai inayojiita wati 500 na kuonyesha ampea 16 kwenye mstari huo ina wati 192 za kweli kwa prosesa na kadi yako. Ya kweli ya wati 450 au 500 yenye cheti cha 80 Plus Bronze inatosha na kubaki kwa mashine zote tulizozitaja. Inapoteza umeme kidogo, kwa hiyo joto lake ni dogo na feni yake huzunguka polepole.

UPS ni bora kuliko stabilaiza peke yake, maana inakupa dakika chache za kuzima taratibu. Kumbuka 650VA si wati 650. Nyingi za saizi hiyo hubeba wati 360 hivi, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda kadi ndogo.

Kasha, feni na vumbi

Makasha yenye kioo mbele na taa za rangi yanapendeza dukani. Yenye kioo kizima mbele yanavuta hewa kwa taabu, na feni hulipia taabu hiyo kwa kelele. Chagua lenye wavu mbele, na kichujio unachoweza kukitoa na kukiosha. Feni kubwa ya milimita 120 au 140 inayozunguka polepole husukuma hewa sawa na ndogo inayopiga kelele. Mbili za kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma zinatosha. Ya kuingiza izidi ya kutoa, ili hewa ipite kwenye kichujio badala ya kunyonya vumbi kupitia kila upenyo. Arctic P12 ni feni ya bei ya chini tunayoipendekeza bila wasiwasi. Noctua za Austria ni nzuri zaidi, lakini kwa bajeti hii fedha hiyo ni afadhali iende kwenye kadi.

Kipoza prosesa kinachokuja bure na 5600G ni kifupi na hulia kikizidiwa. Mnara wa alumini wenye feni ya milimita 120, kama Thermalright Assassin X, ni ongezeko dogo la fedha linalosikika mara moja. Kwa kompyuta ya ofisi acha kilichopo. Safisha tu na ubadilishe ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyokaa kati ya prosesa na kipoza, ambayo kwa mashine ya miaka saba huwa imekauka kama chokaa.

Kiangazi cha huku, kuanzia Mei hadi Novemba, safisha kila mwezi. Kasha lisikae sakafuni, lipande juu ya stuli. Kama halina kichujio, kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya kike kilichovutwa mbele ya feni kinafanya kazi. Tumia bloa ndogo ya umeme au brashi laini, na uzuie feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Usipeleke kasha gereji likapulizwe kwa kompresa ya matairi: hewa ile ina maji na mafuta, na nguvu yake huvunja feni. Na kile kitambaa cha kudarizi ambacho mama huweka juu ya kila kifaa sebuleni, kitolewe mashine inapowashwa. Mwambie kwa adabu, lakini kitolewe.

Marekebisho ya bure

Kabla ya kununua chochote, jaribu haya kwenye mashine uliyonayo leo. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, uweke kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Kama skrini yako ni ya herzi 60, kadi inayotengeneza picha 140 inachoma umeme kwa picha usizoziona kikamilifu. Kikomo hicho peke yake kinaweza kuzima nusu ya uvumaji, na hata ule mlio mwembamba kama wa mbu unaotoka kwenye koili za kadi hupungua. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Prosesa itaacha kujirusha juu ya kasi yake ya kawaida, na joto litashuka bila gemu nyingi kuonyesha tofauti.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya bodi kuu, uzifanye feni zichelewe kuitikia joto linalopanda kwa muda mfupi. Sisi wa redio tuna sababu yetu ya kulipenda hili. Mvumo wa sauti moja tunaweza kuuondoa wakati wa kuhariri, na aliyelala huuzoea. Feni inayopanda na kushuka kila dakika haiondoki kwenye rekodi, na ndiyo inayomwamsha mtoto.

Ukienda kununua, nenda jioni duka likiwa tulivu. Omba mashine iwashwe, gemu iendeshwe dakika 20 kasha likiwa limefungwa, wewe ukiwa umekaa mbali kama utakavyokaa nyumbani. Sikiliza. Ukiagiza Kariakoo na mzigo ukaja kwa basi hadi stendi ya Nanenane, omba video ya jaribio hilo hilo kabla ya kulipa, na risiti iandikwe namba kamili ya kadi na muda wa kurudisha. Kadi nzito ifunguliwe na kusafirishwa peke yake, la sivyo barabara italivunja tundu lake kabla hujaliwasha.